Dakika ya Nne

4 Februari 2018

Kwa mdogo wangu Nguzo,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kuniuliza maswali kila nikiona ngazi.

Habari kubwa ni hii. Jengo letu la simu, lile nililokaa miaka ishirini na sita nimevaa visikilizio kichwani, halibomolewi tena. Chumba cha chini wanakifanya makumbusho ya mawasiliano. Wamemleta binti mmoja msomi, mpole, miwani yake kubwa kuliko uso. Amekusanya kila kilichokuwa kimelala stoo: mashine ya kugonga telegramu, simu za kuzungusha namba, teleksi, faksi mbili, na zile simu za mkononi za kwanza zilizokuwa nzito kama tofali. Anajua mwaka wa kila kitu. Asichojua ni jinsi kilivyotumika. Juzi nilikuta ameweka kiti cha opereta nyuma ya swichibodi yangu, pale walipokuwa wanaingilia mafundi. Nikamwambia, mwanangu, hapo ungeunganisha panya tu.

Basi ameomba sisi tuliofanya kazi tumwandikie maelezo, kila mtu na chombo chake. Mimi nimepewa swichibodi. Mambo ya nguzo, nyaya na minara nimemwambia yako kwa mdogo wangu, na kwamba huwezi kuulizwa kwa simu kwa sababu miaka kumi na tisa ya kuishi na jenereta la mnarani iliyamaliza masikio yako. Alicheka, kisha akaona haya. Nikamwambia cheka tu, hata sisi tunacheka: fundi wa simu asiyesikia simu. Akauliza, na ujumbe mfupi? Nikamwambia dole gumba lako la kulia ulilisahau kwenye roli ya kebo mwaka themanini na tatu, na la kushoto linajua kalamu tu. Ndiyo maana tunaandikiana barua kama wachumba.

Hii ataipiga picha Chaji, yule mjukuu wangu anayeulizia soketi ya umeme kabla ya kusalimia wenye nyumba, na ataituma kwenye simu ya binti yako. Siku zetu barua ya kuja huko ilichukua siku kumi. Hii utaisoma kabla sijafunika kalamu.

Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 12 Mei. Njoo, ulale nyumbani kwa baba. Najua utakachosema, na kiti chako cha nje ya geti kipo, nimekipaka rangi. Lakini ni miaka arobaini na miwili sasa, Nguzo. Mwaka jana mvua ilitunyeshea pale getini, wewe umekaa, mimi nimekushikia mwavuli, majirani wanatutazama.

Dada yako,
Kumi na Nne
(Binti wa makumbusho ameipenda namba yangu ya opereta, kwa hiyo nimeirudia.)


9 Februari 2018

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Binti yangu aliniwekea simu mbele ya uso nikiwa napiga mswaki. Mwanzo wa barua nilikuhurumia magoti, mwisho wake nilishakasirika, na bado povu lilikuwa mdomoni.

Huyo binti mwambie hivi. Kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua sitini, shimo lake linakufika kifuani. Vile vikombe vyeupe vya kauri kule juu si mapambo, vinazuia umeme wa simu usiteremkie kwenye mti uliolowa ukapotelea ardhini. Nyaya za kwanza zilikuwa za shaba. Watu walipogundua kwamba shaba hutoa bangili nzuri, tukaweka za chuma. Baada ya nyaya za juu tukafukia kebo. Baada ya kebo tukajenga minara, huu unautazama ule juu ya vilima, katikati hakuna waya wowote. Kisha zikaja za mkononi na kila mtu akawa na kituo cha simu mfukoni. Kila walipoleta chombo kipya mabwana wakubwa walituhutubia kwamba hiki ndicho cha mwisho, hakitakuja kingine. Mimi nimezika vyombo vya mwisho vitano.

Kuhusu geti, dada, tusirudi nyuma. Baba alisema nisiingie tena kwake. Aliyekuwa na uwezo wa kulifuta neno hilo ni yeye, naye amelala. Ulikuwepo siku ile ya mwaka sabini na nne. Laini ya kwenda zahanati ilipimwa ipite nyuma ya nyumba yetu, na mita tano kila upande ilibidi pawe wazi. Michungwa yetu miwili, wako na wangu, ile aliyoipanda baba kila tulipozaliwa, ilikuwa katikati kabisa. Mkubwa wa kikosi aliniambia nikakae kwenye lori, wenzangu wataikata. Nikasema hapana, bora iwe kwa mkono wangu kuliko wa mtu baki. Nilidhani hiyo ni heshima. Baba aliona shoka tu.

Ufunguzi nitakuja. Nitalala nyumba ya wageni, asubuhi nitakuja kukaa kwenye kiti changu kilichopakwa rangi. Niletee yale maji yako ya machungwa. Makali kama siki, lakini nimeshayazoea.

Nguzo


14 Februari 2018

Nguzo,

Binti wa makumbusho ameyasoma maelezo yako mara mbili, na ile ya bangili ameibandika mlangoni.

Ya kwangu nimeandika hivi: mtu wa hapa akitaka kuzungumza na mtu wa mbali, anaomba simu kwangu. Naandika tiketi, nani, wapi, saa ngapi. Anangoja zamu yake, pengine saa moja, pengine kutwa nzima. Zamu ikifika nachomeka plagi moja kwa huyu na nyingine kwa yule, mimi nimebaki katikati. Wana dakika tatu. Zikiisha naingia nasema, "Dakika tatu," na kama kuna foleni nachomoa.

Akaniuliza, ukibaki katikati si unasikia? Nikamwambia, mwanangu, tumesikia ndoa zikifungwa na zikifunguliwa. Na kuna siku kusikia ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Laini ikiwa dhaifu, kwa mvua au kutu, wale wawili hawasikiani, lakini mimi nawasikia wote. Hapo narudia maneno. "Anasema mtoto amezaliwa, wa kike." "Anauliza anafanana na nani." "Unanisikia?" "Anakusikia." Siku moja nilimwambia mwanamume nisiyemjua "nakupenda" mara tatu kwa niaba ya mkewe, na ile ya tatu ilibidi nipaze sauti, ofisi nzima ikageuka.

Lakini tulikuwa tumeapa. Tulichosikia tulikivua pamoja na visikilizio tukakiacha mezani. Mwenzetu namba Tisa alifukuzwa kazi kwa neno moja tu alilolibeba hadi sokoni. Sisi tulikuwa waya, na waya hauna mdomo.

Sasa binti ana ombi. Anataka vitufe ukutani, mgeni abonyeze asikie jinsi vyombo vilivyolia. Vingi vimeshakufa, na mafundi watalazimika kuzitengeneza upya sauti zenyewe. Akauliza nani anazikumbuka vizuri kuliko wote. Nikamwambia ni yule asiyesikia. Wewe hujaingiza sauti mpya za kuzivuruga. Andika, mdogo wangu.

Kumi na Nne


19 Februari 2018

Dada, shikamoo.

Hapo umenipata. Kweli ninazo zote.

Waya wa juu huimba asubuhi ya baridi. Ukiweka sikio kwenye nguzo utadhani nyuki wamefungiwa ndani. Simu ya kuzungusha, ile namba tisa inarudi taratibu mpaka mwenye haraka anatukana. Teleksi ni mvua ya mawe juu ya bati. Faksi inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha inatoa karatasi kana kwamba hakuna kilichotokea. Zile za mkononi za kwanza, kabla hazijaita, redio iliyo karibu ilikuwa inaanza kukoroma, na watu walijifanya waganga, "Ngoja, napigiwa."

Ya mwisho ni sauti ya mtu anayeweka mkonga wa simu chini. Wewe wa upande wa pili unasikia "tk". Ndogo tu. Baada yake hakuna kitu.

Hili sijawahi kukuambia. Agosti ya mwaka sabini na sita, siku ya Jumamosi, nilimpigia baba simu. Nilimwomba mganga wa zahanati kwa barua amwite, saa nne asubuhi, kwa laini ile ile tuliyoipitisha juu ya michungwa. Nilikaa kwenye benchi la posta ya huku mpaka saa saba. Tulipounganishwa nikamsikia anapumua. Si unamjua baba, hasemi mpaka umalize. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga, ya miti, ya mkono wangu, ya kwamba sikujua. Mwisho nikamwuliza, "Baba, nije nyumbani?"

Tk.

Najua utasema ni dakika tatu. Dakika zikiisha opereta husema, mimi ni mtu wa kazi hiyo. Hakuna aliyesema kitu. Alikuwa ameshika mkonga, nikauliza, akauweka chini. Hilo ndilo jibu alilonipa, na lilikuwa haki yake. Wiki tano baadaye akafariki, nikaja nikakaa nje ya geti nikiwasikia mnavyolia ndani.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unafanya kazi kwenye jengo lile lile simu ilikopitia, na niliona aibu kwamba nilipita pale kama mgeni. Mwambie binti hiyo sauti aiweke ndogo. Ndivyo ilivyokuwa.

Nguzo


20 Februari 2018

Nguzo,

Nimeisoma. Usimwandikie binti neno jingine kwanza. Barua yangu ijayo haitapita kwa Chaji. Itakuja kwa posta, bahasha imefungwa, na uifungue mwenyewe.

Kumi na Nne


3 Machi 2018

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara sita. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu yuko sebuleni, anauliza kwa nini leo hatupigi picha. Nimemwambia kuna maneno ambayo mtu wa katikati hatakiwi kuyasikia. Hilo nalijua mimi kuliko wengi.

Baba hakuweka mkonga chini. Mimi ndiye niliyechomoa plagi.

Soma polepole, nitakueleza kama lilivyokuwa.

Siku ile mvua ilikuwa imeangusha laini mbili, upande wote wa kwenu ukabaki na moja. Foleni ilikuwa na tiketi kumi na moja, na iliyofuata baada yako ilikuwa ya hospitali, wanamtafuta daktari wa upasuaji. Tiketi yako ilimwangukia mwenzangu namba Saba. Nikaona jina la zahanati, nikaona jina lako, nikambadilishia kimyakimya. Kanuni ilisema opereta haunganishi simu ya ndugu yake. Msimamizi wetu, yule tuliyemwita Kengele, alikuwa anatembea nyuma yetu na saa mkononi.

Nilikusikia, Nguzo. Nilisikia kila neno. Dakika ya tatu ilipokwisha ilibidi niingie niseme. Ningefungua mdomo ungeijua sauti yangu. Kengele akasimama begani kwangu. Nikachomoa upande wako bila kusema, nikawapa hospitali laini. Swali lako lilikuwa na sekunde mbili tangu ulitoe mdomoni. Labda tatu.

Hilo peke yake ningelibeba. Kinachofuata ndicho kilichonishinda.

Plagi ya upande wa baba ilikuwa bado imechomekwa kwangu. Baba hakujua kwamba umekatika. Na hapo ndipo alipoanza kusema. Alisema karibu dakika nzima. Nayakumbuka yote, kwa sababu sijawahi kuyatumia. Alisema:

"Nimekusikia. Mchungwa wa dada yako ulikufa. Wako umechipua kwenye kisiki. Nimeuzungushia mawe, mbuzi wasiule. Mtu mmoja anayejua miti ananiambia machipukizi ya kisiki huzaa machungwa makali. Nimemwambia makali nayo ni machungwa. Njoo uuone. Lile neno nililisema kwa hasira, nimeliondoa. Usingoje likizo, njoo tu."

Kisha akauliza, "Unanisikia?"

Kwa miaka saba nilikuwa nimelijibu swali hilo kila siku ya kazi, mdomo umelizoea kama shikamoo. Nikasema, kwa sauti ya ofisini, "Anakusikia, mzee."

Akasema, "Haya. Basi vizuri." Ndipo akaweka mkonga.

Nilijiambia nitakuandikia kesho. Kesho yake ndiyo siku namba Tisa alipofukuzwa. Nikasema basi nitangoja likizo yangu, nikuambie uso kwa uso. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki ya tatu nilikwenda nyumbani nikamkuta baba ameweka kiti karibu na geti, upande wa ndani. Akaniambia, "Nilimwambia aje. Alinisikia, opereta mwenyewe alinihakikishia." Hakujua anamwambia nani. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Wiki mbili baadaye akafariki. Ulipokuja ukakaa nje, nilijiambia unajua kwamba ni dakika zilikwisha, na huo ni ukaidi wako tu. Nilijiambia hivyo kwa sababu ilinifaa. Ukapita mwaka, ikapita kumi, nikajificha kwenye kiapo. Jengo lile halina opereta tangu mwaka tisini na tano, hakuna aliyebaki wa kunifukuza, na bado nikasema niliapa.

Jambo moja tu nakuomba ulifikirie. Saa nne mpaka saa saba wewe uko kwenye benchi la posta. Na yeye alikuwa kwenye benchi la zahanati, saa hizo hizo tatu. Mtu anayetaka kukukatia simu hakungojei saa tatu nzima.

Kiti unachokalia nje kila ukija ni kile kile alichokiweka yeye. Na machungwa makali yanatoka kwenye kisiki chako.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Hii ni ile simu, imechelewa, na aliyetakiwa kurudia maneno ni mimi. Baba anasema uje.

Kumi na Nne


28 Machi 2018

Shangazi, shikamoo.

Ni mimi binti yake, si baba. Barua yako iliyofungwa ilifika tarehe 14. Aliisomea kwenye ngazi ya jikoni. Alipomaliza akaikunja akaitia mfuko wa shati, na haijatoka humo. Nikitaka kulifua shati anaihamishia lingine. Sijui imeandikwa nini na sijauliza.

Siku ya pili alipanda kilimani mpaka kwenye mnara wake wa zamani, mlinzi akamfungulia, akakaa huko kutwa. Chakula anakula. Ulipotuma ile picha ya kuuliza kama barua imefika, nilimwonyesha. Akaichukua simu akailaza kifudifudi mezani.

Nakuandikia ujue tu kwamba imefika mikononi mwake. Nikirudi kutoka kazini kwenye duka la dawa namkuta amekaa pale pale kwenye ngazi. Shangazi, kama kuna ninachopaswa kufanya, niambie.

Mwanao


6 Aprili 2018

Dada,

Leo sikuamkii.

Wiki tano ni siku thelathini na tano. Basi kutoka huku lilichukua siku mbili. Ungeniandikia mstari mmoja, hata bila jina, ningemkuta. Chumba cha telegramu kilikuwa mlango wa pili kutoka kwenu. Neno "njoo" ni neno moja. Juu ya kiapo chako sina zaidi ya hilo la kusema. Mlango wa pili, dada.

Unajua kwa nini niliomba kituo cha mnarani, ambacho hakuna aliyekitaka? Kwa sababu kule hakuna mkonga. Sauti za watu zinapita juu ya kichwa chako kwenda kilima kingine na wewe husikii hata moja. Nilichokuwa natafuta, jenereta likanipa. Sikuambii hivi nikuumize. Au labda nataka kukuumiza, sijui. Ni kweli tu.

Na mimi kutoyasikia maneno yake siko kunakoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba alikufa akidhani nimesikia.

Sasa nikwambie jambo la pili. Ile dakika ya nne naisoma kila siku. Sauti ya mtu mimi sijaisikia tangu mwaka 2004, na ya baba niliyobaki nayo ilikuwa pumzi tu na ile tk. Siku hizi nikifumba macho namsikia anasema, "Makali nayo ni machungwa." Ni yeye kabisa. Wewe huna akili ya kuyatunga maneno kama hayo. Uliyahifadhi vizuri, hukuyatia chumvi, hilo nakupa.

Nimekula machungwa ya kisiki changu miaka yote hiyo nikiyakunjia uso.

Mwambie binti wa makumbusho abadilishe maelezo ya ile sauti ya mwisho. Nilimpotosha. Si sauti ya mtu kuweka mkonga chini, ni ya plagi kuchomolewa. Aandike hivyo, watu wajue kwamba ukiwa upande wa pili huwezi kuzitofautisha. Mimi fundi sikuweza.

Mambo ya Mei bado sijui.

Nguzo


17 Aprili 2018

Nguzo,

Maelezo ya sauti yamebadilishwa. Binti alitaka kujua sababu, nikamwambia fundi amesahihisha kazi yake.

Uliyoyasema ni kweli yote, na la mlango wa pili nimelilia. Sijitetei.

Nimekutilia humu fomu moja ya telegramu. Binti amezipata stoo, bado ziko safi. Ukiamua kuja au kutokuja, ijaze, usijisumbue kuandika barua. Mwaka ule yalitakiwa maneno machache nami sikuyatuma, basi na mimi machache yatanitosha. Nitalielewa lolote litakalokuwemo.

Dada yako


TELEGRAMU

Tarehe: 8 Mei 2018
Kutoka: Nguzo
Kwa: Kumi na Nne
Njia: picha, kwa simu ya Chaji. Na asome, si siri tena.
Idadi ya maneno: saba

SHIKAMOO DADA. NAKUJA IJUMAA. KITI KIINGIZE NDANI.